Kujilaumu si kukiri kosa

"Kama hana kosa, mbona anajilaumu?" Swali hili kuhusu aliyebakwa huulizwa hata na watu wenye nia njema, nalo limesimama kichwa chini miguu juu.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Edna Foa na wenzake walichapisha hojaji ya kupima mawazo yanayobaki baada ya kiwewe. Hujazwa na aliyebakwa sawa na aliyenusurika ajali. Sentensi zinazohesabiwa ni 33, kila moja hupewa alama 1 (sikubali kabisa) hadi 7 (nakubali kabisa). Nyingi, 21, zinahusu anavyojiona. 7 zinahusu ulimwengu. 5 tu ni za kujilaumu.

Tuseme dada mmoja aliyebakwa kazungushia 7 kwenye sentensi isemayo mtu mwingine, angekuwa mahali pake, angezuia tukio lile. Mtaani watasema kakiri. Mshauri nasaha anaona pa kuanzia mazungumzo, maana alama ile inapima wazo alilobeba, haipimi kilichotokea usiku ule. Wengi hujilaumu kwa kutopiga kelele, ilhali hofu kuu inaweza kuugandisha mwili, sauti isitoke. (Mbakaji, ajabu, haulizwi alivaa nini.)

Tiba ikiendelea, hojaji hujazwa tena, kuona kama ile 7 imeshuka.