Wachezaji wa Kukuzwa na wa Kuletwa: Hesabu Inayodanganya Kwenye Besiboli

Kila msimu wa besiboli ya Marekani unapokaribia ukingoni, swali ni lilelile: timu hii imekuza wachezaji wangapi yenyewe, na wangapi imewaleta kutoka nje? Mimi kazi yangu ni kuchambua vikosi vinavyoundwa, kwa hiyo watu hutegemea niwe na asilimia mfukoni. Ninazo. Ila asilimia hizo hazisemi mengi kama zinavyodhaniwa, na wakati mwingine zinapotosha kabisa.

Maana yenyewe ni nyepesi. Zao la timu ni mchezaji aliyesaini na timu hiyo mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico hupitia drafti, utaratibu ulioanza 1965 ambapo timu huchagua kwa zamu. Wa Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko husaini moja kwa moja, wengi wakiwa na miaka 16 tu. Baada ya hapo ni ligi ndogo, yaani ligi za chini za kulea wachezaji, mara nyingi kwa miaka kadhaa, na wengi huishia hukohuko. Wengine wote tunawaita wa kuletwa: waliobadilishanwa, waliosajiliwa wakiwa huru, waliookotwa baada ya kutemwa.

Sasa mweke mchezaji Fernando Tatis Jr. kwenye jedwali la makundi hayo mawili. Chicago White Sox walimsajili mwaka 2015. Juni 2016 wakampeleka San Diego Padres ili wampate mrushaji James Shields, kabla kijana hajawachezea mechi hata moja, si ligi kuu wala ligi ndogo. Padres ndio waliomlea, lakini jedwali linasema ni wa kuletwa. David Ortiz naye Minnesota Twins walimtema Desemba 2002, Boston Red Sox wakamchukua mwezi uliofuata, na mwaka 2006 akapiga home run 54, yaani mipigo inayopeleka mpira nje ya uwanja. Wa kuletwa. Upande wa pili yuko Yoshinobu Yamamoto, aliyetua Los Angeles Dodgers kwa mkataba wa dola milioni 325 akiwa tayari nyota mkubwa Japani. Ukihesabu timu ya kwanza ya ligi kuu ya Marekani peke yake, yeye ni zao la Dodgers! Mshabiki wa Orix Buffaloes, timu yake ya Japani, akisikia hivyo, sijui atacheka au atanuna.

Kinachofanya jambo hili liwe na uzito ni pesa kuliko mapenzi ya jezi. Mchezaji mpya wa ligi kuu hulipwa kima cha chini au juu yake kidogo. Mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Akifikisha takriban miaka mitatu ya utumishi anapata haki ya kupeleka mshahara wake kwenye usuluhishi, na akimaliza sita anakuwa huru kwenda atakako. Mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu. Chicago Cubs walimwita Kris Bryant Aprili 17, 2015, akamaliza msimu na siku 171. Siku moja ikawapa mwaka mzima wa ziada wa kuwa naye. Bryant alilalamika rasmi, akashindwa. Tangu mkataba wa ligi na chama cha wachezaji wa 2022, anayeshika nafasi ya kwanza au ya pili kwenye kura za mchezaji bora mpya anaweza kupewa mwaka kamili hata kama siku hazikutimia.

Kwa hiyo kijana uliyemkuza ni kipaji cha bei nafuu kwa miaka sita. Pia ni sarafu ya kununulia wachezaji wa timu nyingine, na hapo ndipo hesabu ya asilimia inapoharibika.

Chukua Kansas City Royals waliotwaa World Series, fainali ya ligi kuu, mwaka 2015. Watu hupenda kuwataja kama timu ya kujikuzia, na kweli Alex Gordon, Mike Moustakas, Eric Hosmer na Salvador Perez wote ni mazao yao. Ila aliyerusha mpira wa mwisho wa fainali ni Wade Davis, wa kuletwa. Alipatikanaje? Royals walimchagua Zack Greinke kwenye drafti ya 2002. Desemba 2010 wakampeleka Milwaukee, na miongoni mwa waliorudi walikuwamo Lorenzo Cain, Alcides Escobar na kijana mrushaji, Jake Odorizzi. Miaka miwili baadaye Odorizzi akaenda Tampa Bay pamoja na Wil Myers, zao la drafti ya 2009, na wengine wawili. Royals wakapata James Shields, huyohuyo wa habari ya Tatis, pamoja na Davis.

Cain akawa mchezaji bora wa fainali ya American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) 2014, Escobar akaichukua tuzo hiyo 2015. Jedwali linawahesabu kama watu wa nje. Mimi naona ni Greinke amebadilika sura. Johnny Cueto, aliyerusha peke yake mechi nzima ya pili ya World Series 2015, alitoka Cincinnati kwa warushaji watatu, wote mazao ya Royals. Ben Zobrist alilipiwa kwa namna hiyohiyo. Waondoe waliokuzwa na Royals, na hata hao wa kuletwa hawapo.

Hesabu hukosea pia upande wa pili. Mike Trout ni zao la Los Angeles Angels kwa kipimo chochote utakachotumia: drafti ya 2009, nafasi ya 25. Lakini nafasi hiyo ilikuwa ya New York Yankees. Angels waliipata kama fidia baada ya Mark Teixeira kuhamia New York akiwa mchezaji huru. Teixeira mwenyewe walikuwa naye tangu Julai 2008 tu, walipomleta kutoka Atlanta kwa kumtoa Casey Kotchman, zao lao la drafti ya 2001. Ukimpenda Trout, una deni dogo kwa Kotchman.

Ndiyo maana jedwali langu lina safu ya ziada: alilipiwa nini? Kwa Dodgers waliochukua ubingwa 2024, Shohei Ohtani na Freddie Freeman wanaandikwa pesa. Max Muncy karibu bure, kwani Oakland walimtema 2017 akasaini mkataba wa ligi ndogo. Mookie Betts ananichosha. Ili wampate, Dodgers waliwapa Boston Alex Verdugo na Connor Wong, mazao ya Dodgers, pamoja na Jeter Downs, wa kuletwa kutoka Cincinnati. Nikimfuata Downs narudi Desemba 2018, kwenye mabadilishano makubwa yaliyompeleka Yasiel Puig kwa Reds wa Cincinnati, na Puig ni Dodgers wenyewe waliomsajili 2012 alipotoka Kuba. Betts nimemwandika zao, asilimia 100.