Hologramu nayo inataka fokasi

Wiki hii nimeulizwa tena, na mwanafunzi makini kabisa: "Mwalimu, hologramu si haihitaji fokasi? Mbona ukiivunja, kila kipande hubaki na picha nzima?" Nimelijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi mno. Sasa naliandika, nikizungumzia hologramu za kuhifadhia data kwenye diski.

Imani hiyo inakotoka napaelewa. Kwenye CD, DVD na Blu-ray, leza hufuata safu moja nyembamba, na lenzi hupanda na kushuka ikiifuata diski inayoyumba. Blu-ray, kwa mwanga wa nanomita 405 na lenzi yenye uwazi wa namba (NA, kipimo cha upana wa koni ya mwanga) wa 0.85, haivumilii kosa hata la mikromita moja. Hologramu haina safu ya kufuatwa, data imeenea katika unene wote wa polima, yaani plastiki inayorekodi mwanga. Basi watu wanaona kazi ya kulenga imekwisha, kumbe imehamia kwingine.

Tunachosoma ni ukurasa mzima wa data, tuseme pikseli elfu kwa elfu, unaotua kwa mpigo mmoja juu ya kamera. Kila pikseli ya ukurasa sharti itue juu ya mwenzake wa kamera. Ikisogea nusu, mwanga wake unamwagikia jirani, na moja na sifuri zinaanza kufanana. Na ukurasa hausogei kwa upande tu. Lenzi ikikaa tofauti na ilivyokaa wakati wa kuandika, ukurasa hutanuka au husinyaa. Kosa la ukuzaji la sehemu moja ya elfu, hata kama katikati pamekaa sawasawa, limeshakupotezea nusu pikseli ukingoni. Hapo ndipo watu hubadilisha kamera na kulaumu polima, wiki nzima inapita!

Kile kipande kilichovunjika kweli kinatoa picha nzima, ila yenye ukungu. Jicho husamehe ukungu. Data haisamehi.

Mwale rejea, yaani mwale wa leza unaomulika hologramu ili ukurasa usomeke, nao una masharti yake. Katika polima ya milimita 1.5, unene uliotumiwa na kampuni ya InPhase kule Marekani, pembe ikipotoka karibu nyuzi 0.02 tu, ukurasa unafifia. Unene huohuo ndio unaoturuhusu kurundika kurasa nyingi mahali pamoja, kwa hiyo hatuwezi kuukwepa.

Halafu joto. Polima ikitanuka, pembe hazilingani tena, na ukurasa wenyewe hubadilika ukubwa. Vitabu vinayapa makosa haya mawili sura mbili tofauti. Mezani kwangu huja pamoja, na nina mashaka makubwa kama yanaweza kutenganishwa kwa kutazama ukurasa mmoja.

Dawa ninayoipenda ni kuurudisha mwale rejea kinyumenyume, ili ukurasa upite tena katika lenzi ileile iliyouandika na kasoro za lenzi zijifute zenyewe. Ila dawa hiyo hufanya kazi diski ikirudi palepale ilipokuwa. Kwa hiyo ukurasa ukikusumbua, usiguse kamera. Pima kwanza umbali kati ya lenzi na diski.