Hati ya Kiwanja Si Ruhusa ya Kujenga Lolote

Kwa miaka mingi Bagamoyo imesikika kauli kwamba mwenye hati hawezi kuzuiwa na mtu kujenga, hata kama kiwanja chake kinagusana na mikoko. Kauli hiyo haina msingi wa kisheria. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Hati humpa mtu haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa masharti.

Masharti mengine yanatoka kwingine kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kwa miradi iliyoainishwa inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya ujenzi kuanza, si baada ya msingi kumwagwa zege, kama wengi wanavyopenda kufanya.

Mgogoro ukifika mahakamani, swali la nani mmiliki huwa ni moja tu kati ya mengi. Anayeomba zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha shughuli hadi kesi iamuliwe, hutakiwa, kwa vigezo vilivyozoeleka tangu 1969, kuonyesha kwamba kuna hoja nzito ya kuamuliwa, kwamba atapata madhara yasiyofidika kwa fedha, na kwamba yeye ataumia zaidi zuio likikataliwa kuliko mpinzani wake likitolewa. Mikoko iliyokwisha kukatwa hairudishwi kwa hukumu.