Viti vya nje vitengenezwe kabla mvua za Novemba hazijafika

Kila mwaka mvua zikishakolea, karakana yetu hapa Tabora hupokea viti na mabenchi yenye ugonjwa uleule: miguu imelainika kwa chini, maungio yanacheza, vanishi imebanduka na mbao iliyo chini yake imekuwa nyeusi. Wenye mali hulaumu mvua. Mimi nikiitazama mipasuko naona habari nyingine. Kiti kile kilianza kuharibika Juni na Julai, wakati hakuna hata tone lililodondoka. Mvua ilikuja kumalizia.

Naomba nieleze sababu yake, kwa kuwa ukishaielewa, kazi nyingi utazipanga mwenyewe bila kumwita fundi.

Mbao hata ikikaushwa vizuri haiachi kunywa unyevu na kuutoa. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa yetu inakauka sana. Upepo wa kiangazi ukipiga benchi lililo uani, unyevu unatoka na mbao inasinyaa, tena haisinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haibadiliki kabisa. Kwa upana inapungua, na upande unaofuata ile miviringo unayoiona ukikata gogo hupungua takriban mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Hapo ndipo ubao unapopinda na kupasuka. Jua nalo linafanya yake: linaikausha vanishi mpaka haina tena uwezo wa kunyumbuka, mbao ikisogea kidogo vanishi inakatika. Mipasuko hiyo ni myembamba, huioni mpaka uinamie kwa karibu na mwanga ukipiga kwa ubavu.

Halafu inakuja Novemba. Maji yanaingia kwenye mpasuko, yanatambaa chini ya vanishi, na jua likitoka hayana pa kutokea kwa sababu vanishi iliyobaki imeyafunika. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ndani ya mbao. Ubao ulio wazi hulowa na kukauka siku hiyohiyo. Ubao wenye vanishi iliyopasuka hubaki na majimaji wiki nzima. Kwa hiyo nasema bila kusita: kwa kiti cha nje, vanishi iliyopasuka ni mbaya kuliko kutopaka kitu chochote.

Makopo mengi ya rangi na vanishi yanaleta maelekezo ya nchi zenye theluji: ingiza samani ndani wakati wa baridi. Kule kuna maana, kwani maji yaliyoingia kwenye ufa yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kuuchana ufa kutoka ndani. Kwetu miezi ya baridi, Juni na Julai, ndiyo miezi mikavu. Hakuna barafu, kuna ukavu na jua. Basi kalenda yetu iwe hivi: baridi ya Juni ikianza, sogeza viti kivulini. Septemba na Oktoba, fanya matengenezo, mbao ikiwa kavu kabisa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatangaza utabiri wa mvua za Msimu, zile za Novemba hadi Aprili zinazohusu Tabora, Kigoma na jirani zetu, uwe tayari umeshika msasa.

Ukitaka kujua kiti cha nje kitadumu au la, usikitazame mgongoni. Kipindue, miguu itazame juu. Pale kwenye visigino, msumeno ulipokatia, ndipo nyuzi za mti zinapoishia. Nyuzi zile ni mirija. Ndizo zilizokuwa zikipandisha maji kutoka kwenye mizizi. Ukizikata midomo yake inabaki wazi, na mguu ukisimama mahali penye maji unayanyonya kwa kasi kubwa kuliko unavyoyanyonya ubavuni. Sasa angalia kazi za mafundi wengi: mguu umepakwa vizuri pande zote nne, kisigino kimeachwa kikavu. Inaniuma kila ninapoiona, maana ni kazi ya dakika chache inayomgharimu mteja kiti kizima.

Fanya hivi. Siku kavu ya Oktoba, piga msasa kisigino mpaka rangi mpya ya mbao itokee. Chukua kifuniko cha kopo, mimina vanishi ya nje uliyoizimua nusu kwa nusu na tapentaini, kina cha sentimita moja hivi, kisha simamisha mguu ndani yake. Ukirudi baada ya nusu saa utakuta kiwango kimeshuka na rangi imepanda juu kidogo kwenye mguu. Ongeza. Endelea mpaka mguu ukatae kunywa. Pindua kiti, kiache kikauke siku mbili, halafu paka tena kwa brashi, safari hii bila kuzimua. Vichwa vya mikono ya kiti na ncha za mabanzi ya benchi vipe huduma hiyohiyo kwa brashi, mara mbili au tatu mpaka viache kunyonya.

Ukimaliza, usirudishe kiti kwenye nyasi wala udongo mtupu. Tofali la kuchoma chini ya kila mguu linatosha, au sakafu ya saruji yenye mteremko. Hii inasaidia dhidi ya maji na dhidi ya mchwa pia. Mchwa wetu wanapanda kutoka ardhini kwa kujenga vile vijia vya udongo, na mguu ukiwa umeinuliwa juu ya kitu kigumu utakiona kijia mapema na kukikwangua. Kumbikumbi wakianza kuruka mvua za kwanza, jua kwamba kuna vichuguu karibu. Kagua miguu kila wiki.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nipake vanishi au mafuta? Kama baraza lako lina paa na jua haliingii moja kwa moja, paka vanishi ya nje, utafurahi. Kwa kiti kinachokaa uani, mimi ni mtu wa mafuta. Mafuta yanaingia ndani ya mbao, hayaachi ngozi juu yake. Yakiisha, mbao inapauka polepole, unaiosha, unapaka tena, basi. Vanishi ikiisha lazima ikwanguliwe yote, na hiyo ni kazi ya jasho. Ila mafuta yanataka uaminifu: kila mwaka kabla ya mvua, na kwa kiti kinachopigwa na jua kutwa, mara nyingine tena mvua zikikatika.

Mafuta gani? Yale ya mbegu za kitani, linsidi kama tunavyoyaita, na yawe yale yaliyochemshwa. Yasiyochemshwa huchukua siku nyingi kukauka na ukungu unayapenda. Paka kwa kitambaa, subiri dakika ishirini, kisha futa yote yaliyobaki juu, yakiachwa yatanata. Na hapa nisikilize kwa makini: vitambaa vilivyolowa linsidi ukivikunja na kuvirundika kwenye kona vinajipasha joto na vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vikakamae, au vitie kwenye ndoo ya maji. Karakana huungua kwa uzembe huu.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Kigoma aliniuliza, "Fundi, mimi napaka mawese kila mwezi, mbona viti vinanata na wageni wanachafuka?" Nilimjibu kwa heshima zote kwamba mawese ni mafuta mazuri ya kupikia, lakini hayakauki. Yapo mafuta yanayoshika hewa na kugeuka kuwa kitu kigumu, na yapo yanayobaki majimaji daima. Mawese ni ya kundi la pili. Yanakusanya vumbi, yanalisha ukungu, na kwa unyevu wa ziwani ukungu hauhitaji mwaliko. Tuliviosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu mara kadhaa, tukavianika, tukapiga msasa, ndipo linsidi ikaingia. Oili chafu ya magari nayo naikataa kwa chochote kinachokaliwa. Ina sumu, inaingia kwenye nguo na kwenye ngozi ya watoto.

Na nta? Sisi watu wa Tabora tunajivunia asali na nta ya misitu yetu ya miombo, kwa hiyo wengi hudhani nta ndiyo jibu. Kwa meza ya ndani, naam. Kwa kiti cha uani hapana, kwa sababu nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 63 hivi na inaanza kulainika mapema zaidi. Jua la Oktoba likichoma ubao mweusi, nta inakuwa laini na vumbi linaganda juu yake. Nta nina kazi nyingine nayo nje. Nachovya skrubu kwenye nta kabla ya kuikaza. Inaingia bila kupasua mbao na maji hayapiti kwa urahisi pembeni yake. Pia nayeyusha nta kidogo kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, nachanganya na unga wa msasa wa mninga, na kwa kisu butu nasindilia kwenye mipasuko midogo. Inanyumbuka pamoja na mbao. Fanya hivyo kwa kiti kilichokwisha kupakwa mafuta tu, kwani vanishi haishiki juu ya nta.

Nimetaja mninga. Kiini chake, ile sehemu ya kahawia yenye mistari, hakitikisiki sana kwa kulowa na kukauka na wadudu hawakipendi, na ndiyo maana ukiniagiza benchi la nje nitakushauri mninga au mkora. Lakini mbao nyeupe ya karibu na gome, hata ikiwa ya mninga huohuo, ni chakula cha wadudu. Ukinunua kiti, tafuta huo weupe chini ya kalio na nyuma ya miguu. Wauzaji wengine huuficha kwa kupaka vanishi nyeusi. Ukishakuwa na kiti cha mninga halisi, kitunze kwa moyo wote. Mti ule unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na misitu yetu haina akiba isiyokwisha. Ukipiga msasa mninga funga barakoa. Vumbi lake linawasha pua na kubana kifua.

Maungio yanayocheza yasitibiwe kwa misumari. Msumari unapasua ulimi wa mbao, ile ncha inayoingia kwenye tundu la mbao nyingine, unashika kutu, na kutu ile ikilowa inaacha weusi usiotoka. Fungua kiungo chote, kwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane, kisha tia gundi isiyoogopa maji, kwani gundi nyeupe ya kawaida hulegea ikilowa mara kwa mara. Huna jiriwa ndefu ya kubania? Zungushia kamba miguu yote, pitisha kijiti katikati na ukisokote mpaka kamba ikaze na gundi ianze kutoka pembeni. Funga kijiti, acha mpaka kesho.

Viti vya bomba la chuma huoza kutoka ndani. Vile vifuniko vya mpira vya miguuni vikipasuka, maji yanaingia na hayatoki. Toboa tundu dogo kwa drili karibu na chini ya kila mguu, badilisha vifuniko, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo kisha rangi ya juu. Viti vya plastiki havina dawa zaidi ya kivuli: jua likishavifanya viwe na unga mweupe, mguu utakatika mtu mzito akikaa.

Sponji zikae ndani miezi yote ya mvua, zisimamishwe wima juu ya kichanja, zisifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Turubai nalo litumike kwa akili. Ukikifunga kiti mpaka chini, unyevu unaopanda kutoka ardhini utafungiwa humo pamoja nacho. Lifunike juu tu, pande ziache wazi ili hewa ipite.

Mwembe, kivuli cha heshima katika mji huu, ni mzuri Julai na mbaya Desemba. Wadudu wa maua na majani yake hudondosha utomvu mtamu, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Embe mbivu nazo zinaanguka na maji yake yanaacha madoa. Viti vikianza kunata, vioshe kwa sabuni na brashi laini kwa kufuata nyuzi. Usitumie stilwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia, chembe zake hubaki kwenye mbao na kushika kutu.

Kama umesoma haya mvua zikiwa zimeshaanza, usipake chochote juu ya mbao iliyolowa. Ingiza kiti chini ya paa penye upepo, inua miguu, fungua pale vanishi ilipobanduka ili mbao ipumue. Mvua zetu huwa zinapumzika siku kadhaa katikati ya msimu, mara nyingi Januari au Februari. Kiti kilichokaa kavu wiki nzima wakati huo unaweza kukipiga msasa pale palipoharibika na kukipa linsidi mkono mmoja, kisha kazi kubwa ukaiacha mpaka Mei.