Marejesho yanapokwama: yanayosemwa Tanga kuhusu madeni, na ukweli wake

Ukipita soko la Mgandini asubuhi, au ukikaa na wanaoanika dagaa Sahare, habari za marejesho hazikosi. Nani kajificha leo, nani kabebewa friji, nani kahamia kwa dada yake Muheza mpaka mambo yapoe. Katika maneno hayo yamo ya kweli na yamo ya uongo, na ya uongo ndiyo yanayomfanya mtu aliyeanza na deni la laki tatu ajikute ana la laki saba. Aliyeshikwa na hofu hukimbilia mlango wa kwanza anaouona wazi, na mara nyingi nyuma ya mlango huo yupo mkopeshaji mwingine. Kwa hiyo tuanze na hofu yenyewe.

"Ukishindwa kulipa, polisi watakuweka ndani"

Hakuna neno linalowanyima watu usingizi kama hili, na wakopeshaji wasio waaminifu wanalijua vizuri. Ujumbe huingia usiku: kesho saa nne ufike kituoni, la sivyo tunakuja na askari. Mama wa watu anaamka alfajiri anauza cherehani.

Ukweli ni kwamba kukopa na kushindwa kulipa ni jambo la madai, si la jinai. Njia ya mkopeshaji ni kufungua shauri mahakamani, athibitishe mkataba, apate hukumu, kisha aombe hukumu itekelezwe. Polisi si wakusanya madeni. Jinai inaingia pale mtu alipoipata pesa kwa udanganyifu: kaweka hati ya nyumba ya mwenzake, kaghushi kitambulisho, kataja biashara isiyokuwepo. Aliyekopa kihalali, biashara ikayumba, hayumo humo.

Kipo kifungo cha madai, na wengi wamesikia habari zake nusunusu. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, aliyeshinda kesi anaweza kuomba mdaiwa afungwe gereza la madai. Lakini hiyo ni baada ya hukumu, si kabla. Mdaiwa hupewa nafasi ya kujieleza, mahakama inaweza kukataa ombi ikiridhika kuwa mtu huyo hana uwezo kwa sababu ya umaskini, na anayetaka mwenzake afungwe ndiye anayebeba gharama za kumlisha huko ndani. Sheria hiyohiyo inaipa mahakama uwezo wa kuamuru deni lilipwe kwa awamu. Wadaiwa wengi hawalijui hili, wakati ndilo lingewatuliza kuliko yote.

Akikupigia mtu anayejiita askari, muulize jina, kituo na namba ya jalada. Wito wa kweli usiudharau: nenda, na nenda na mtu mzima wa kukusindikiza. Wito wa mahakama ndio kabisa usiukimbie, kwa sababu asiyefika shauri lake laweza kusikilizwa upande mmoja, hukumu ikatoka mwenyewe yuko Handeni amejificha.

"Wakija na gari wana ruhusa ya kubeba kila kitu"

Hapana. Anayetekeleza hukumu ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, na amri inasomwa. Hata akiwa nayo, sheria imeweka pembeni vitu visivyokamatwa kulipia hukumu ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, jembe na mbegu za mkulima, hata nyumba anayoishi mdaiwa na mke na watoto wanaomtegemea, isipokuwa nyumba hiyo iwe yenyewe ndiyo iliyowekwa rehani.

Palipo na rehani mambo hubadilika. Kama uliandika kwamba pikipiki au friji ni dhamana ya mkopo huu, umempa mkopeshaji haki juu ya kitu hicho, na usimlaumu mtu kwa kuidai. Haki hiyo haimpi ruhusa ya kuvunja mlango wala kusukumana na watoto. Mwite mwenyekiti wa mtaa, ombeni mkataba usomwe mbele ya watu, na kinachochukuliwa kiandikwe kwa jina na hali yake. Nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani kina utaratibu wake: mkopaji hupewa notisi ya siku 60 kwanza, na mnada wa ardhi hutangazwa siku zisizopungua 14. Na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza. Mume aliyeipeleka hati benki kimyakimya ameacha tatizo ambalo mkewe anaweza kulipeleka mahakamani.

"Elfu kumi kwa siku haiumi"

Tupige hesabu. Mtu anakopa 200,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, anapokea 190,000 mkononi. Anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26, jumla 260,000. Ukiweka fomu na riba pamoja, 70,000 imeondoka ndani ya mwezi mmoja ambao haujatimia, zaidi ya theluthi ya pesa aliyoipokea. Tena hiyo 190,000 hakukaa nayo mwezi mzima, kwa kuwa kuanzia kesho yake alishaanza kuirudisha. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii kausha damu.

Linganisha na kanuni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji katika madaraja manne, na kampuni za mikopo pamoja na watu binafsi wanaokopesha kwa biashara, wasiopokea amana, wako daraja la pili, chini ya leseni ya Benki Kuu. Kikomo cha riba Benki Kuu ilichowawekea ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000. Kabla ya kuweka sahihi omba kuona leseni, na uliza swali moja tu: nikimaliza, nitakuwa nimelipa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na fomu, bima na faini? Asiyetaka kuliandika jibu hilo amekwisha kujibu.

"Ukiwaambia umekwama, umejichongea"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndiyo dhana iliyoumiza watu wengi zaidi. Mkopaji anaona mwezi huu hautatimia. Badala ya kwenda ofisini anazima simu. Afisa mikopo naye, aliyekuwa na mteja mwenye matatizo, sasa ana mteja aliyetoroka, na faili linahama meza.

Anayekopesha kwa biashara anataka pesa yake irudi. Kesi ina gharama, mnada una gharama, na friji la mtumba halifidii deni. Mteja anayekuja kabla ya tarehe, na daftari lake la mauzo mkononi, ana nafasi kubwa ya kupangiwa upya kuliko anayekamatwa stendi baada ya miezi mitatu. Si kila ofisi itakubali, na hailazimiki. Lakini kukataliwa ukiwa umeomba kwa maandishi kunakuachia ushahidi kwamba hukukimbia.

Mpango mpya lakini una bei, na hili maafisa wengine hawalisemi. Tuseme umebakiwa na 1,200,000, riba asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Kwa miezi 6 utarejesha 242,000 mwezi wa kwanza, halafu inashuka, na riba yote itakuwa 147,000. Ukiomba miezi 12, mwezi wa kwanza ni 142,000 tu, unapumua, lakini riba yote inafika 273,000. Pumzi hiyo umeinunua kwa 126,000. Mara nyingi inafaa kuinunua, mradi uijue bei yake kabla ya sahihi. Uliza pia kama faini zilizokwisha kurundikana zinafutwa, au zinaunganishwa kwenye deni na kuanza kuzaa riba nazo.

Kosa la pili katika mipango hii ni kuahidi kwa kupimia mwezi mzuri. Tanga tunajua kipato hakina mwendo mmoja. Anayechemsha na kuanika dagaa anategemea boti za taa, na usiku wa mbalamwezi boti hazitoki. Kusi likivuma bahari inachafuka na wenye ngalawa wanakaa pwani. Muuza machungwa wa Muheza ana msimu wake. Kumwekea mtu kama huyu marejesho sawa kila siku, Januari mpaka Desemba, ni kumpangia kushindwa. Mwenye biashara ya msimu aombe marejesho ya wiki au ya mwezi yanayopanda na kushuka na msimu, na kiwango akipime kwa wiki mbaya, si kwa wiki ya neema. Ukiona aibu kutaja kiasi kidogo, kumbuka kuwa ahadi kubwa ikivunjwa mara mbili, ya tatu hakuna wa kuisikiliza.

Mengi ya haya si mageni kwa watu wa pwani. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mdai ampe muda mdaiwa aliye katika dhiki, na aya ya 282 inaamuru deni la muda maalumu liandikwe. Tunapenda kuikumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Makubaliano mapya yaandikwe: salio, kiasi, tarehe, sahihi za pande mbili. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, na risiti weka mahali ambapo mvua na watoto hawafiki.

Na kukopa kwa Ali ulipe kwa Juma? Kuna hali moja tu inayoingia akilini: mkopo mpya uwe nafuu kwa jumla kuliko wa zamani, na wa zamani ufungwe kweli, kwa barua ya kumaliza deni. Mfano ni mtu mwenye deni la kausha damu anayepata nafasi kwenye SACCOS yake. Vinginevyo ni kuhamisha moto chumba hadi chumba. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile inayotengewa asilimia ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni ya vikundi vyenye mradi, kwa hiyo usiihesabu kama pesa ya kulipia madeni ya zamani.

"Mdhamini ni shahidi tu"

Shemeji anakuja na karatasi: weka tu sahihi, ni utaratibu wa ofisi. Kwa heshima, unaweka. Sheria ya Mikataba inasema dhima ya mdhamini ni sawasawa na ya mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Maana yake mkopaji akishindwa, deni ni lako, si kwamba kazi yako ni kusaidia tu kumtafuta.

Katika vikundi vya kudhaminiana ndivyo ilivyo kila wiki: mmoja asipofika, wenzake wanachanga, na urafiki wa miaka unaishia kwenye baraza la nyumba ya mtu kwa matusi. Kabla hujaweka sahihi soma kiasi, muda na kama umedhamini mkopo huu tu au na mingine itakayofuata. Aliyekwisha kudhamini asingoje kupigiwa simu: aulize salio mapema, na akilazimika kulipa ahifadhi risiti, kwa kuwa sheria inampa haki ya kumdai yule aliyemlipia. Kumkatalia ndugu kwa upole ni kugumu mno huku kwetu. Bado ni kwepesi kuliko kumlipia mkopo wa milioni mbili.

"Mkopo wa simu ukibadilisha laini umekwisha"

Taarifa za mikopo kwa wakopeshaji rasmi hupelekwa kwenye taasisi za kumbukumbu za wakopaji, na benki huziangalia unapoomba mkopo mkubwa. Laini inabadilika, jina na namba ya NIDA vinabaki palepale.

Kwa upande mwingine, Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kufungiwa huko si risiti ya malipo kwa aliyekopa, lakini kunakuonyesha unashughulika na nani. Kama wanamtumia mama mkwe wako ujumbe kwamba wewe ni tapeli, hilo halina ruhusa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakulinda hata ukiwa unadaiwa. Usifute ujumbe huo hata ukikuchoma. Piga picha ya skrini yenye tarehe na namba, lalamika kwanza kwa mkopeshaji kwa maandishi, kisha Benki Kuu, na kwa mambo ya taarifa zako, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mkopeshaji yeyote, awe wa mtandaoni au wa mtaa wa pili.

"Mtu akifa, deni limekufa naye", na kinyume chake

Zinatembea dhana mbili zinazopingana. Moja inasema deni limezikwa. Nyingine inasema mtoto mkubwa ndiye alipe. Zote si sahihi. Deni linalipwa kutoka katika mali ya marehemu kabla ya mirathi kugawanywa, kwa sheria za nchi na kwa sheria ya Kiislamu pia, ndiyo maana msibani hutangazwa kwamba anayemdai marehemu aifuate familia. Msimamizi wa mirathi anakusanya mali, analipa madeni yaliyothibitishwa, kinachobaki ndicho urithi. Mali isipotosha, watoto hawalazimiki kisheria kuongezea kutoka mifukoni mwao, ingawa wengi hulipa kwa kumpenda mzazi na kutaka alale salama. Aliyekuwa mdhamini ndiye ambaye bado yumo.

Mikopo mingi ya benki huwa na bima inayolipa salio mkopaji akifariki, na ada yake ilishakatwa siku ya kwanza pasipo marehemu kumweleza mtu nyumbani. Kwa hiyo mjane au watoto wakifuatwa wasitoe hata shilingi siku hiyo. Waombe mkataba, waombe taarifa ya salio kwa tarehe ya kifo, waulize bima iko wapi na inataka karatasi gani, kisha ndipo mazungumzo ya kulipa yaanze.