Mtoto hatakunywa maji? Kuzaa nyumbani ndani ya bwawa, na hipnobethingi, kwa macho ya mkunga

Swali la kwanza ninaloulizwa na dada zetu wa huku Uingereza, kabla hata sijavua koti, ni hili: mtoto akizaliwa ndani ya maji, hatayanywa? Huwa nakaa chini nikalijibu taratibu, maana jibu lake ndilo linaloamua nani aingie kwenye bwawa la kuzalia na nani asiingie.

Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu. Mapafu yake yamejaa majimaji, na oksijeni yote inamfikia kwa damu, kupitia kondo la nyuma na kiungamwana, yaani kamba ya kitovu. Anapotoka na kukutana na maji yenye joto lile lile alilolizoea, mwili wake bado haujapata habari kwamba amezaliwa. Miongoni mwa vinavyomwamsha avute pumzi ya kwanza ni ubaridi wa hewa usoni. Kwa hiyo mtoto mwenye afya, akitoka mzima mzima chini ya maji na kupandishwa juu papo hapo, kwa kawaida husubiri mpaka uso wake uguse hewa.

Nimesema mwenye afya. Mtoto aliyechoka, aliyepungukiwa oksijeni wakati wa uchungu, anaweza kuvuta pumzi ya kuhangaika humo humo majini. Ndiyo maana tunasikiliza moyo wake kila dakika 15 njia inapofunguka, kwa dakika nzima baada ya uchungu kupita, na kila dakika 5 mama anapoanza kusukuma. Mapigo yakibadilika, mama anatoka majini, na hapo hakuna mjadala. Vilevile uso wa mtoto ukishakutana na hewa haurudishwi chini. Mama akijiinua kichwa kikiwa kimeshatoka, basi anamalizia kuzaa juu ya maji, akiwa amesimama au amepiga magoti.

Mimi ni mkunga. Nilisomea Tanzania, nikafanya kazi wodi ya wazazi miaka kadhaa, kisha nikaja huku, nikafanya mitihani upya na kusajiliwa. Sasa niko kwenye timu ya wakunga wa NHS, huduma ya afya ya umma ya huku, wanaozalisha majumbani. Kwa mkazi wa hapa kuzaa nyumbani ni chaguo linaloruhusiwa na halilipiwi, ingawa wanaolichagua ni wachache: England na Wales ni kama wanawake 2 tu kati ya 100. Bwawa lenyewe, lile la plastiki la kujaza upepo, mara nyingi unakodi au unanunua mwenyewe.

Sasa hili neno hipnobethingi. Linawaogopesha watu. Mama mmoja wa Kiislamu aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mambo ya kupandisha pepo. Dada mlokole naye akaniuliza kama ni ushirikina. Si hilo wala hilo. Hakuna anayekulaza usingizi wala kukutawala akili. Unasikia kila kitu, na ukitaka kusimama unasimama. Ni mazoezi ya kupumua, kulegeza mwili, na kuielekeza akili mahali pamoja, yanayofanywa kila siku kwa wiki nyingi kabla ya kujifungua ili siku yenyewe mwili uyajue bila kufundishwa upya.

Wazo hili lina mizizi ya zamani. Daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, alianza kuliandika mwaka 1933. Aliwahi kumzalisha mwanamke katika chumba cha kimaskini huko Whitechapel, mashariki mwa London. Alipompa dawa ya usingizi mwanamke yule aliikataa, akazaa kwa utulivu uliomshangaza daktari. Kutokana na mambo kama hayo alisema kwamba hofu huukaza mwili, mwili uliokaza huumia zaidi, na maumivu yale huzaa hofu nyingine. Baadaye, mwaka 1989, Mmarekani Marie Mongan ndiye aliyeanzisha mafunzo yanayobeba jina hili la leo.

Kuhusu hofu, Dick-Read alikuwa na ukweli mkubwa. Mwanamke akiogopa, mwili humwaga adrenalini, na adrenalini huipinga oksitosini, homoni inayoubana mfuko wa uzazi. Nimeona kwa macho yangu uchungu uliokuwa umepamba moto ukinyamaza baada ya mtu mmoja kuingia chumbani akifoka. Lakini kudai kwamba maumivu yote ni hofu tu, hapo naachana naye. Uchungu unauma. Lugha yetu haikuupa jina hilo kwa bahati mbaya. Baadhi ya walimu wa hipnobethingi hawataki hata neno maumivu litajwe darasani. Mimi silikatazi. Mwanamke anayeumwa na kukatazwa kusema anaumwa hujiona ameshindwa, na huo ni mzigo mwingine juu ya mzigo.

Utafiti nao unasema hivyo hivyo. Hapa Uingereza wanawake 680 waliingizwa kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2015, nusu wakafundishwa kujiliwaza kwa njia hii. Walioishia kuchomwa sindano ya ganzi ya mgongo walikuwa karibu sawa pande zote mbili: asilimia 27.9 kwa waliofundishwa, asilimia 30.3 kwa wengine. Tofauti iliyoonekana ni kwenye hofu: waliofundishwa walisema walipata hofu ndogo kuliko waliyokuwa wameitarajia. Maji yana ushahidi wa kutosha kiasi. Mapitio ya tafiti 15 yaliyotolewa mwaka 2018, yenye wanawake 3,663, yalionyesha kwamba waliokaa majini wakati njia inafunguka walihitaji sindano hiyo asilimia 39, na wasioingia asilimia 43. Ni faida ndogo, na mwalimu anayekuahidi kuzaa bila maumivu nakusihi usimlipe.

Ila kuna jambo ambalo takwimu hizo hazilionyeshi.

Kulikuwa na mama mmoja, mwenyeji wa Tanga, mimba ya pili. Wa kwanza alimzaa hospitali, nchi nyingine, peke yake, hakuna aliyemshika mkono, na kila alipoanza kusimulia sauti ilimkatika. Nilikuwa namfundisha kwa Kiingereza, kwa maneno ya kitabuni, na nikaona hayamwingii. Siku moja nikamwambia: dada, wewe umekulia pwani, unajua maji yanavyojaa na yanavyokupwa. Uchungu ndivyo ulivyo. Maji yanaanza kujaa, vuta pumzi kwa hesabu ya nne. Yamefika kileleni, sasa toa pumzi polepole kwa hesabu ya nane, taya zilegee, mabega yashuke, maana taya ikikaza na nyonga inakaza. Maji yanakupwa. Katikati hapo pumzika kabisa, usiyangoje yajayo. Aliyashika maneno yale kuliko yote niliyomsomesha.

Aliponipigia ilikuwa saa nane usiku. Mumewe alikuwa ameshajaza bwawa, kazi ya zaidi ya saa nzima kwa mpira uliofungwa kwenye bomba la jikoni, maana bwawa la namna hii linameza lita 600 au zaidi. Sebule ilikuwa na taa moja tu, tena imefunikwa khanga. Mama yake mzazi, aliyetoka Tanga kuja kumuuguza, alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni na tasbihi mkononi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Huyu kweli atazalia humu?”

“Akipenda mama. Na mambo yakigeuka tunamtoa.”

Nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 37. Joto la maji halitakiwi kuzidi 37.5, kwa sababu mama akipata joto mtoto hupata zaidi, na yeye hana njia ya kujipoza humo alimo. Nikampima, nikasikiliza moyo wa mtoto, nikamwacha aingie. Wengi wakiingia mapema mno uchungu hupoa, ila wake ulikuwa umekomaa. Maji yalipomfika kifuani alitoa sauti ambayo wakunga wote wa bwawa wanaijua, sauti ya mtu aliyetua kuni kichwani.

Kwa saa mbili hakuna aliyesema neno lisilo la lazima. Mimi na mwenzangu tulipiga magoti na kifaa cha kusikilizia, kile kinachofanya kazi hata chini ya maji, tukiandika. Uchungu ulipokuja nilisikia pumzi yake tu, na kutoka jikoni bibi akimfuata kwa dhikri, kila pumzi na neno lake, hata sikujua nani anamwongoza nani. Karibu na mwisho alilia kwamba hawezi tena. Wengi hufika hapo. Nikamwambia, “Yanakupwa dada, yanakupwa,” akashusha mabega. Kichwa kilitoka kwa uchungu wa tatu tangu hapo. Nilimulika kwa tochi na kioo, nikaona kichwa kimekaa kimya chini ya maji, nywele zikielea. Uchungu uliofuata ukamleta mwili, mama akamwinua mwenyewe mpaka kifuani. Macho wazi, kimya, kisha akapiga chafya, kisha kilio. Bibi alitoa kigelegele kimoja akaziba mdomo kwa mkono, akikumbuka majirani.

Kumwinua kuna adabu yake: polepole, bila kuvuta, maana kiungamwana kikiwa kifupi kinaweza kukatika majini na mtoto akapoteza damu. Vibano huwa navishika mkononi tangu kichwa kinapoonekana. Kwa zalio, yaani kondo la nyuma, huwa naomba mama atoke nje ya maji, kwa sababu damu ndani ya maji haikadiriki, na damu ndiyo inayoniondolea usingizi katika kazi hii.

Na sasa mkoba wangu, ambao picha nzuri za mtandaoni haziuonyeshi. Oksitosini ya sindano, ya kuzuia damu. Dripu. Mfuko na barakoa ya kumpulizia mtoto hewa. Mitungi ya oksijeni na ya gesi ya maumivu. Wakunga wawili wakati wa kuzaa. Gari la wagonjwa la kupigiwa simu na hospitali inayojua tuko wapi. Bwawa nalo lina hatari zake: mwaka 2014 mamlaka ya afya ya England ilitoa onyo baada ya mtoto kupata ugonjwa wa mapafu wa Legionella kutokana na bwawa lenye pampu ya kupashia joto, lililojazwa siku nyingi kabla. Lijaze uchungu ukishaanza, basi.

Tena si kila mtu. Pacha, mtoto aliyetanguliza makalio, presha ya mimba, kisukari, kovu la upasuaji, mimba isiyofika wiki 37, damu pungufu: hao nawaambia wazi kwamba hospitali ndiyo penye usalama wao. Na kwa mimba ya kwanza nataja takwimu bila kuzipamba. Utafiti mkubwa wa England wa mwaka 2011, uliofuata wanawake zaidi ya 64,000, ulikuta kwamba waliopanga kuzaa mtoto wa kwanza nyumbani, 45 kati ya 100 waliishia kuhamishiwa hospitali, na watoto waliopata madhara makubwa walikuwa 9.3 kwa kila 1,000, ilhali kwa waliopanga hospitali walikuwa 5.3. Kwa waliokwisha kuzaa, waliohamishwa walikuwa 12 kati ya 100, na tofauti ile ya madhara haikuonekana.

Napata ujumbe kutoka Dar es Salaam na Mwanza: nisaidie nifanye hivi nyumbani kwangu. Najibu hapana, na ninajua ninachokikataa. Tanzania, wanaojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 kwenye utafiti wa 2015–16 hadi 81 mwaka 2022. Kila asilimia hapo ina mama aliyewahiwa kabla damu haijamwishia. Bwawa bila mkunga wa pili, bila oksitosini, bila gari, ni beseni la maji tu. Kama uchungu utakukuta mbali, namba ya M-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito huko Tanzania, ni 115, haina malipo, iandike ukutani leo. Pumzi hata hivyo haihitaji bwawa. Ingia nayo zahanati, mfundishe dada yako au mumeo ahesabu nawe, na muulize muuguzi mapema kama wanaruhusu mtu wa kukusindikiza.

Binti mmoja wa Kikenya, mimba ya kwanza, alikuja kuwa kama wale 45 kati ya 100 waliohamishiwa hospitali. Njia ilisimama sentimita 6 kwa saa nyingi, nikamwambia twende. Alilia ndani ya gari la wagonjwa, huku akihesabu. Hospitali walimwekea dripu na sindano ya mgongo, mtoto akavutwa kwa kikombe, mzima. Siku ya tano nilikwenda kumpima mtoto uzito. Bwawa lilikuwa bado sebuleni, halijaingiwa na mtu. Alikuwa amekaa pembeni yake akinyonyesha, chuchu zimechubuka, na mtoto alipoikamata, mama alifumba macho akatoa pumzi taratibu mpaka nane.