Skrini za Mguso Kazini: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi huamini kwamba skrini ya mguso ilizaliwa na simu janja. Ukweli ni kwamba mhandisi E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, aliieleza kwa maandishi mwaka 1965, na miongoni mwa matumizi aliyoyakusudia ni kuongoza safari za ndege kutoka ardhini. Ilianzia kazini, ndipo ikaingia mifukoni mwetu.

Dhana nyingine ni kwamba kila skrini huhisi nguvu ya kidole. Hilo ni kweli kwa zile zenye tabaka mbili zinazogusana zikibonyezwa, ambazo bado hupendwa viwandani kwa kuwa hukubali hata mkono wenye glavu. Skrini ya simu haihitaji kubonyezwa: kioo chake kina utando mwembamba unaopitisha umeme, na kidole, ambacho nacho hupitisha umeme, kikifika hapo hubadilisha chaji iliyopo. Ndiyo maana glavu ya kawaida huizuia na matone ya maji huweza kuihadaa, jambo ambalo anayenunua mitambo ya hospitali au kiwanda hana budi kulijua mapema.

Dhana yenye hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kuondoa vitufe na kuweka skrini ni maendeleo daima. Mwezi Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakapoteza maisha. Wachunguzi walitaja mafunzo haba, na pia muundo wa mfumo wa usukani na mwendo ulioendeshwa kwa skrini za mguso. Baadaye jeshi la majini liliamua kurudisha nyenzo za kushikwa kwa mkono, yaani vishikio vya kusukuma na kuvuta. Sababu inaeleweka: kitufe hutambulika kwa kupapasa, ilhali kioo ni laini kote, hivyo mtumiaji hulazimika kuyaondoa macho baharini au barabarani ili kuona anachogusa.

Wapo pia wanaodhani kwamba wasioona hawawezi kabisa kutumia skrini za mguso. Tangu mwaka 2009 iPhone imekuwa na programu inayosoma kwa sauti kilicho chini ya kidole. Kikwazo kipo kwenye mashine za kulipia na za kukatia tiketi ambazo watengenezaji wake hawakuziwekea sauti hiyo.